Mchuzi Usio na Maziwa

Ninyi mnaofunga aproni siku hizi, punguzeni moto kidogo tuongee. Juzi nilipita hoteli moja mjini Busia, nyuma ya pale wanapokaa wabadilishaji pesa, kumsalimia binti wa rafiki yangu aliyeajiriwa jikoni. Nilimkuta amesimama mbele ya sufuria, machozi yako karibu. Mchuzi wake wa malenge ulikuwa umekatika. Maji yamepanda juu, simsim imeganda chini vipande vipande, na nje kuna wageni wanaosubiri spageti isiyo na nyama wala maziwa.

"Kukhu, leo umenipata vibaya," akaniambia. Huku kwetu bibi ni kukhu, na mimi sasa ni kukhu wa kila mtu.

"Uliongeza maji baridi?"

"Kidogo tu. Ilikuwa nzito sana."

Nikamwomba maji yaliyochemsha spageti. Bahati nzuri hakuwa ameyamwaga. Tukayaongeza yakiwa moto, kijiko kwa kijiko, yeye akikoroga bila kusimama, na mchuzi ukaanza kurudi. Ukalainika, ukashikana, ukang'aa. Msichana akavuta pumzi, akauliza nilisomea wapi. Nikamwambia Malaba, kwenye moshi. Akadhani ni jina la chuo.

Alinisihi nimtumie maelezo kwa simu. Vidole vyangu na ile simu havipatani, nikaona heri niwaandikie nyote kwa wakati mmoja.

Kwanza malenge. Msiyachemshe. Malenge ya kuchemsha hunywa maji, na baada ya hapo mchuzi hauwezi kuwa mzito hata uuombee. Chagua lenye ganda gumu na kikonyo kilichokauka, lipasue, toa mbegu, kisha liweke kwenye makaa ganda likiwa chini, ulifunike liive kwa jasho lake lenyewe. Mwenye oveni atumie oveni, sina ugomvi. Kitunguu kikate chembamba, kikae kwenye mafuta na moto mdogo mpaka kilegee na kuwa kitamu. Msikipeleke hadi weusi, huo ni wa pilau. Weka karoti iliyokwaruzwa na nyanya moja tu, kwa sababu nyanya nyingi zitakugeuzia huu kuwa mchuzi wa chapati. Ukipata uyoga ule unaoota baada ya mvua, ukaushe, usage, utie kidogo. Hapo ndipo watu wanapoanza kukuangalia na kuuliza kama kweli hakuna nyama.

Lakini ulaini wenyewe, ule unaofanya mtu aape kuna malai, unatoka kwenye simsim, yaani ufuta, na njugu karanga. Unazikaanga bila mafuta, unazisaga mpaka zitoe mafuta yake, na hicho kitu kizito kinachobaki Wateso wanakiita odi. Odi haipendi kushtuliwa. Ukiimwagia maji baridi inakunja uso. Ilegeze kwanza kwenye bakuli kwa maji moto ya spageti, kwa sababu yale maji yamebeba unga wa ile spageti na ndio unaoshikanisha kila kitu. Halafu iingie mwisho, baada ya malenge yaliyopitishwa kwenye chujio. Ndimu hukamuliwa moto ukiwa umezimwa.

Sasa mna blenda, na mimi siwacheki. Mimi mwenyewe nilipoletewa blenda ya kwanza, nikiwa tayari nimehamia Busia, nilifurahi kama niliyetolewa mzigo kichwani. Nikajaza malenge yakiwa moto moja kwa moja kutoka jikoni, nikafunika vizuri, nikabonyeza. Kifuniko kiliruka kikagonga dari. Mchuzi ulifika kwenye taa, kwenye kalenda, na kwenye shati la mkaguzi wa afya aliyekuwa amesimama mlangoni. Alilamba kidole, akaniuliza tumetumia malenge ya wapi. Malenge yapoe kwanza, watoto wangu, na msijaze hadi juu.

Aliyenifundisha odi ni Mama Asekenye. Alikuwa na hoteli ya mabati pale Malaba, ng'ambo ya uwanja wa malori, na kila dereva aliyekwama kwenye foleni ya mpaka aliijua. Yeye ni Mteso wa huko huko kaskazini. Mimi ni Msamia wa Sigalame, niliyefika kwake nikijua kupika samaki na kunde, na nikijiona mjuzi. Hakunipinga. Aliniweka nikoroge odi siku nzima huku yeye akichambua mboga amenipa mgongo. Kila nilipotaka kuiunguza alijua bila kugeuka.

"Nabwire, umesikia? Imeanza kulalamika."

Alikuwa anasikiliza. Odi ikiwa sawa inapumua polepole, pwa, pwa, na mapovu makubwa. Ikianza kuungua chini sauti inakuwa nyembamba, inazomea. Mpaka leo nikiingia jikoni mwa mtu nasikiliza kwanza kabla sijaangalia. Mkizima hiyo redio mtasikia pia.

Alikuwa mkali, ila si kwa kelele. Ukikosea alikaa kimya mpaka wewe mwenyewe ukachoka na ukimya. Alikuwa mama wa kanisa, anaongoza sala za jumuiya, na neno lake pale sokoni lilikuwa kama risiti. Akisema nyama ni ya leo, watu walikuwa wanalipa bila kunusa. Nilimpenda sana yule mama, na sikumwambia nilipokuwa na nafasi.

Na alikuwa na chungu. Kilikuwa cha mama yake, kipana, kizito, cheusi chini na chekundu shingoni. Ndani yake tulilaza mboga. Mnajua kulaza mboga? Kunde au saga, yale majani machungu ya mgagani, inapikwa, inatiwa maziwa, inalala. Kesho inapashwa moto na kuongezwa maziwa mengine, inalala tena. Kesho kutwa uchungu wote umeisha na mtu anaweza kuacha kuku akala hiyo. Malori yalikuwa yanaegeshwa mbali watu waje kwa miguu kwa ajili ya kile chungu. Tulikitumia pia kwa odi, kwa sababu sufuria nyembamba inaiunguza, na chungu kinashika moto kwa utaratibu.

Kabla sijafika kwenye kisa chenyewe, hebu niwaulize kitu. Mgeni akikuambia anataka mboga, unampa nini? Msicheke. Kwetu mboga ni chochote kinachoshuka na ugali. Nyama ni mboga, omena ni mboga, kuku ni mboga ya mgeni. Ndiyo maana siku ya kwanza Tesfaye alipokuja, nilizungumza naye kama viziwi wawili.

Tesfaye alikuwa dereva kutoka Ethiopia, mrefu, mpole, Kiswahili chake amekiokota barabarani kati ya Mombasa na Juba. Alikuja saa tisa mchana, akaketi pembeni.

"Mama, mimi nataka mboga."

"Karibu boss. Mboga gani? Kuna nyama, kuna samaki, kuna matumbo."

"Hapana nyama. Mboga."

"Eeh, ndiyo nakuuliza. Mboga gani?"

Akanitazama, mimi nikamtazama. Mwishowe akaonyesha kwa kidole majani yaliyokuwa kwenye karai. Nikasema, ahaa, mboga za majani, nikaenda kumpakulia kutoka kwenye chungu. Akauliza kama kuna maziwa. Nikafungua mdomo kusema hakuna, kwa sababu kwetu maziwa ni yale ya kikombe. Yale ya kwenye kunde hatuyahesabu, ni sehemu ya kunde, kama chumvi. Mama Asekenye ndiye aliyeniwahi.

"Hiyo iko na maziwa, baba. Usile."

Tesfaye alimshukuru mpaka tukashangaa. Ndipo akatueleza. Ilikuwa ile mifungo yao mirefu ya kabla ya Pasaka, hawali mpaka saa tisa ya mchana, na hawagusi nyama, maziwa, siagi wala mayai. Miaka mingine akiwa safarini alikuwa anajiruhusu kuruka siku. Mwaka ule mama yake alikuwa amelazwa hospitali huko kwao, na alikuwa amemwahidi Mungu hataruka hata siku moja mpaka apone. Lakini njiani, kwenye hoteli fulani, alikuwa amepewa kunde akaambiwa hazina maziwa, akala, akamaliza sahani ndipo akaona mpishi anamimina maziwa kwenye ile ile sufuria. Tangu siku hiyo alikuwa anakula ndizi na mkate mkavu. Alikuwa amekonda, na bado alikuwa na lori la kufikisha Juba.

"Nyumbani tunakula pasta," akasema. "Wakati wa mfungo, pasta na mchuzi. Lakini huku kila kitu maziwa."

Mama Asekenye akamwambia arudi kesho saa tisa.

Tulikaa asubuhi yote kwenye ule mchuzi. Spageti niliifuata mwenyewe upande wa Uganda, nikapanda boda boda, nikarudi nayo kwapani. Malenge tuliyaweka kwenye makaa. Mimi nilisaga simsim na njugu mpaka mikono ikafa ganzi, na Mama Asekenye akaachilia uyoga wake mkavu aliokuwa anautunza kwa wageni wa harusi. Ulipoiva tulitazamana. Ulikuwa mweupe kwa mbali, wa dhahabu, unafunika mwiko na kushuka polepole. Sikuwahi kuona kitu cha aina hiyo kikitoka kwenye mboga tupu.

Tesfaye alikuja. Benchi zilikuwa zimejaa madereva waliotoka kwenye foleni. Akanawa, akafanya ishara ya msalaba, akauliza kwa sauti ya chini, "Hakuna maziwa?"

"Hakuna," tukasema wote wawili.

Akatia tonge moja mdomoni. Akaacha kutafuna. Akainuka, akatoka nje, akatema, akarudi akiwa na uso wa mtu aliyepigiwa simu mbaya.

"Mama, hii iko maziwa."

"Haina, baba."

"Iko. Mimi sijakula maziwa siku nyingi. Ulimi unajua."

Madereva wakaanza kucheka. Mmoja wa kutoka Kampala akamwambia, "Ssebo, bwana, kula tu, Mungu hachungulii kwenye sahani." Mwingine akasema huyu anatafuta kula halafu asilipe. Tesfaye alimtazama Mama Asekenye peke yake.

"Wewe mama wa kanisa. Unaapa?"

Naye akainua mkono. "Naapa mbele ya Mungu. Sijaweka maziwa humu, wala huyu Nabwire hajaweka."

Tesfaye akasukuma sahani kando. "Basi ulimi wangu ndio mwongo," akasema. Akatoka, na kicheko kikamfuata mpaka barabarani.

Mimi nilikasirika, siwafichi. Mikono yangu ilikuwa inauma kwa ajili ya ile simsim. Nilisema maneno mengi kuhusu wageni wasio na shukrani huku nikigongesha sahani. Mama Asekenye hakusema kitu, na nilidhani ni ule ukimya wake wa kawaida. Watu walipopungua akachukua kile chungu tulichopikia mchuzi, akakisugua kwa majivu, akakisuuza mara nyingi. Akatia maji matupu ya kisimani na kukirudisha motoni.

"Unapika nini tena?" nikamuuliza.

Maji yalipochemka akayapunguzia moto, akayaacha yaongee polepole, kisha akachota kikombe kimoja, akakiweka dirishani kipoe. Akaonja. Akanipa.

Yalikuwa maji matupu, nimeyaona kwa macho yangu yakiingia. Lakini yalinukia zile kunde za siku ya tatu. Na juu, ukikielekeza kikombe kwenye mwanga, kulikuwa na vijitone vidogo vya mafuta vinavyoelea. Chungu cha udongo kinakunywa. Kile kilikuwa kimekunywa maziwa tangu enzi za mama yake, na moto ukikikolea kinarudisha kidogo. Ndiyo iliyokuwa siri ya utamu wa ile hoteli, na sisi tulikuwa hatujui kama tuna siri.

Mama Asekenye akaketi kwenye gunia la mkaa. Sikuwa nimewahi kumwona akiketi mchana.

"Niliapa," akasema.

Nikamwambia hakujua, na mtu asiyejua hajasema uongo. Nikamwambia tupike mchuzi mwingine kwenye sufuria, tumpelekee, yaishe. Kwa nini tumwambie habari ya chungu? Alikuwa ameshaamini kuna maziwa, hatungemwongezea kitu ila huzuni.

"Niliapa mbele ya watu, wakamcheka," akasema. "Nitasema mbele ya watu."

Tukaanza upya, na hapo ndipo nilipojifunza kazi kuliko miaka yote iliyotangulia. Alisimama katikati ya jikoni akitazama kila kitu kama mgeni. Mwiko wa mti nao unakunywa, akautupa kando. Chujio ndilo lile la chai, na chai yetu ni ya maziwa, likafuata. Tukanunua vipya kwa mchuuzi, na sufuria mpya. Kwa kuwa sufuria ilikuwa nyembamba, akaiketisha ndani ya sufuria nyingine kubwa yenye maji yanayochemka, ili odi isiguse moto wenyewe. Hakuna aliyemfundisha, aliifikiria palepale. Mpaka leo napika hivyo, na ninyi pikeni hivyo. Siku hizi mgeni anakuja na sababu zake, mwingine ni dini, mwingine ni tumbo, mwingine mtoto wake akilamba maziwa anavimba koo. Wote wanauliza swali lile lile moja, na mnalijibu haraka mno.

Jua lilikuwa limeanza kulegea tulipotoka na bakuli limefungwa kwenye leso. Tulipita kati ya malori, mikononi mwangu lile bakuli la spageti, mbele yangu mgongo wa Mama Asekenye ambao haukugeuka hata mara moja. Tesfaye alikuwa ameketi kwenye kivuli cha tela lake pamoja na mwenzake wa kwao. Wale waliocheka walikuwa hapo karibu, wanapiga soga wakisubiri foleni isogee. Mama Asekenye akasimama mahali wote wanamwona.

"Mlikuwa kwangu mchana, nisikilizeni," akasema. "Huyu alisema kuna maziwa. Mimi nikaapa hakuna. Yalikuwa yametoka kwenye chungu changu. Yeye ndiye alisema ukweli."

Hakuna aliyecheka. Yule wa Kampala akavua kofia, sijui kwa nini.

Tesfaye akauliza polepole, "Kwa hivyo mimi nimeonja kweli."

"Umeonja, baba. Kidogo, lakini umeonja."

Akafunika uso kwa mikono. Nilijisemea, si nilimwambia huyu mama anyamaze? Nilimwona yule mwanamume anamhesabia mama yake siku, na sisi ndio tumemharibia.

Mama Asekenye akachuchumaa mbele yake. "Hukuvunja wewe. Nimevunja mimi. Nitakapoungama nitalitaja hili, na kwenye sala nitamtaja mama yako. Anaitwa nani?"

Akamwambia jina. Mama Asekenye akalirudia mpaka akalipata sawasawa. Kisha akafungua leso.

Nilikuwa nangoja aseme, kula, safari hii hakuna maziwa. Hakusema hivyo.

"Sufuria ni mpya," akasema. "Mwiko ni mpya, chujio jipya. Malenge yameiva kwenye makaa. Lakini njugu na simsim tumesagia kwenye jiwe letu la kila siku. Mimi najua limesaga nafaka tu. Kama kuna mtu aliliegemeza na mkono wenye maziwa, sijui. Hicho ndicho ninachojua. Siapi tena."

Tesfaye alimtazama kwa muda. Nikatazama chini, kwa sababu sikutaka kuona lile bakuli likirudishwa. Niliposikia uma unagonga bakuli ndipo nikainua macho. Alikuwa anakula, haachi kutafuna, hanusi, ameinama kabisa, mpaka mchuzi ukamshika kwenye ndevu. Mama Asekenye alikuwa bado amechuchumaa pale pale, mikono magotini, akimwangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyepona homa.

Mwenzake, ambaye naye alikuwa amefunga, akasogea. Akaonyesha lile bakuli na kumuuliza kitu kwa lugha yao, kwa wasiwasi. Tesfaye alimeza kwanza. Halafu akamjibu kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi tusikie.

"Kula. Huyu mama hajaapa."

Mwenzake akamimina maji ya chupa, akanawa mikono, akaketi.